Wachambua Senti wa Marekani

Wako Wamarekani wanaoingia benki na noti wakatoka na masanduku ya senti mojamoja. Sanduku lina vibunda 50 vya karatasi, na kila kibunda kina senti 50, kwa hiyo dola 25 tu zinakuwa mzigo wa kilo sita na ushei. Wanachotafuta humo ni shaba.

Hadi mwaka 1982, senti hiyo yenye sura ya Rais Lincoln kwa kawaida ilikuwa shaba kwa asilimia 95, na uzito wake gramu 3.11. Mwaka huohuo serikali ilihamia kwenye zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, yenye gramu 2.5. Bila kusoma mwaka, si rahisi kuzitofautisha kwa macho. Lakini ratili ya shaba ikiuzwa dola nne, senti moja ya zamani hubeba madini ya thamani ya zaidi ya senti mbili na nusu.

Awali kazi ilikuwa kusoma mwaka kwenye kila sarafu, au kuiangusha mezani na kusikiliza: shaba hulia, zinki hutoa kishindo kifupi. Siku hizi wengi wana mashine, na ile ya Ryedale inajulikana sana. Unaweka ndani yake senti moja ya shaba iwe kielelezo, unamimina nyingine juu, nazo zinashuka moja baada ya nyingine zikipimwa kwa umeme. Inayofanana na kielelezo huenda upande huu, nyingine upande ule, maelfu kwa saa. Hata senti za 1982, mwaka uliotoa aina zote mbili, haziisumbui, kwa kuwa haisomi tarehe.

Na kwa kuwa haisomi tarehe, haijui sarafu adimu. Ndiyo maana rundo la shaba hurudishwa mezani likapitiwa kwa mkono, mara nyingi pamoja na watoto, kutafuta senti zenye masuke ya ngano zilizotolewa kati ya 1909 na 1958. Kwangu mimi, uhai wa desturi hii uko hapo mezani. Mtoto anashika sarafu iliyopita mikononi mwa watu kabla babu yake hajazaliwa, na anauliza.

Kuna adabu pia. Zinki iliyobaki hairudishwi kwenye tawi lililokupa masanduku, inapelekwa kwingine. Keshia aliyekuagizia mzigo hastahili kubebeshwa makapi yake, na asiyelizingatia hilo hunyimwa masanduku.

Faida ipo, ila inataka subira. Tangu Desemba 2006 ni marufuku kuyeyusha senti hizi au kuzisafirisha nje kwa ajili ya madini yake. Adhabu inafika faini ya dola 10,000, kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Basi huuziana wenyewe kwa wenyewe kwa uzito, kwa bei inayozidi thamani iliyoandikwa, mnunuzi akiamini kwamba siku moja katazo litaondolewa. Anayehesabu saa zake na mafuta ya gari ataona ujira mdogo. Anayeipenda kazi yenyewe hupata burudani isiyomla fedha, kwani senti haishuki chini ya senti.

Tarehe 12 Novemba 2025, huko Philadelphia, zilipigwa senti za mwisho za matumizi ya kawaida, kwa kuwa kutengeneza moja kulishagharimu zaidi ya senti tatu. Zilizoko mitaani bado ni fedha halali. Wachambuaji wanaliona tukio hilo kuwa hatua ya kwanza kuelekea ruhusa ya kuyeyusha. Huko benki, masanduku yameanza kuadimika.