Saa Tisa Usiku, Macho Makavu

Feri ya Likoni haijui usiku. Saa tisa, wakati msongamano wa jioni umekwisha zamani na ule wa alfajiri haujaanza, chombo bado kinavuka na walinzi waliomaliza zamu, wachuuzi wanaowahi bidhaa na magari machache ya kwenda Ukunda. Kule Changamwe malori ya kontena yako barabarani, yakitoka bandarini na kuingia. Kongowea, ukishavuka Daraja la Nyali, malori ya viazi na vitunguu kutoka bara yanashusha mizigo ili wauzaji wa jumla waanze biashara kabla jua halijatoka. Sehemu ya kazi ya usiku ya Mombasa hufanyika ng'ambo ya kisiwa, na ng'ambo huko huko ndiko wanakolala wengi wa wakazi wake.

Basi si ajabu kwamba watu wa pande hizi hushtuka usiku. Huyu kaamshwa na honi, yule na jasho, mwingine na mtoto au kibofu. Lakini ukiwasikiliza wanavyolalamika, kinachowachosha si kule kuamka. Ni ile saa moja au mbili inayofuata, mtu anageuka ubavu huu na ule, anahesabu madeni, anachungulia simu, na kila akitazama saa moyo unazidi kwenda mbio. Na ni hiyo saa moja au mbili inayoweza kupunguzwa.

Kuamka kwenyewe ni sehemu ya kulala. Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba macho ya mtu aliyelala huwa na vipindi vya kwenda mbio chini ya kope, na kwamba vipindi hivyo vinaandamana na ndoto. Tangu hapo imejulikana kuwa usingizi huenda kwa mizunguko, kila mmoja kama dakika 90. Mtu huzama, huibuka, huota, kisha huzama tena. Kati ya mzunguko na mzunguko hukaribia sana kuamka, na mara nyingi huamka kabisa kwa sekunde chache asizozikumbuka asubuhi. Mtu mzima mwenye afya njema hupitia hayo mara kadhaa kila usiku.

Usingizi mzito zaidi huja mapema, katika mizunguko ya kwanza. Ndiyo maana lori linalopita saa tano usiku halimtikisi mtu aliyelala saa tatu, na lile la saa tisa linamkalisha kitako. Kufikia saa tisa amekwisha kushiba zaidi ya nusu. Njaa ya usingizi, ambayo mwili huijenga mchana kutwa kwa kurundika kemikali ya adenosini ubongoni, imepungua sana. Kinachobaki kumshikilia ni saa ya mwili, nayo ikikaribia alfajiri huanza kumwandaa kuamka. Akili ikipata jambo la kushika wakati huo, kama karo ya shule au kodi ya nyumba, hulishika kwa nguvu zote.

Hapo ndipo wengi hujiambia kuwa wana ugonjwa. Uchunguzi mmoja uliofanyika nchi jirani ya Tanzania unafaa kuwatuliza. Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi hulala bila umeme na bila honi. Watafiti, miongoni mwao Audax Mabulla, waliwavalisha watu wazima 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Katika siku hizo zote, muda ambao watu wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifika dakika 18 tu. Wakati mwingine wote kulikuwa na mtu macho: huyu anawahi kulala, yule anachelewa, mwingine ameamka kidogo kisha akarudi. Watafiti waliona kwamba umri ulichangia tofauti hizo, wakapendekeza kuwa usingizi mwepesi wa wazee ulikuwa na faida kwa jamii, kwa kuwa kila saa palikuwa na mtu wa kusikia hatari. Bibi wa Mtongwe anayeamka saa tisa na kudhani amerogwa angefarijika kulijua hilo.

Tatizo kubwa la Mombasa, hata hivyo, ni joto. Ili usingizi ushike, mwili lazima ushushe joto lake la ndani kwa kiasi cha nyuzi moja hivi, na njia yake ni kutoa joto kupitia ngozi, hasa mikononi na miguuni. Ushauri unaotoka nchi za baridi husema chumba kiwe na nyuzi 18 au 20. Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na mvua hazijafika, usiku wa Mombasa haushuki sana chini ya nyuzi 24, tena ndani ya unyevu unaozuia jasho kukauka. Chumba cha matofali chenye paa la mabati na dirisha moja dogo huwa na joto zaidi ya hilo, kwa sababu kuta zilizopigwa na jua tangu adhuhuri huendelea kulitema usiku.

Mambo machache husaidia, na hayahitaji kiyoyozi. Kuoga kabla ya kulala, hata kwa maji ya uvuguvugu, hupeleka damu kwenye ngozi na joto likapata kutoka. Leso iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikawekwa miguuni au shingoni mbele ya feni, humpoza mtu aliyeamka kwa jasho haraka kuliko kujigeuzageuza. Neti ya mbu hupunguza upepo, ni kweli, na wengi huifunua usiku kwa sababu hiyo. Wasifanye hivyo. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile ambazo mtu hushawishika kuifunua. Afadhali feni isogezwe karibu na neti. Tena feni ina kazi ya pili: mvumo wake usiobadilika hufunika kelele za ghafla, na ghafla ndiyo inayoamsha. Sikio lililozoea mvumo halishtuliwi kwa urahisi na bodaboda ya saa nane.

Kelele za majirani ni jambo jingine, nalo lina sheria. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika makazi ya watu kiwango kinachoruhusiwa saa hizo ni desibeli 35, ambayo ni sauti ya chini mno. Baa au sherehe inayotikisa vioo vya mtaa mzima hadi saa tisa inavunja kanuni hizo, na wanaonyimwa usingizi wana haki ya kulalamika.

Halafu kuna yale tunayojinywea na kujitafunia. Barazani, baada ya Isha, kahawa chungu hupita kwa vikombe vidogo pamoja na kashata, na hakuna anayetaka mila hiyo ife. Lakini kafeini hukaa mwilini muda mrefu: kwa mtu mzima wa kawaida huchukua kama saa tano kupungua nusu. Vikombe vitatu vya saa tatu usiku bado viko nusu damuni saa nane. Mtu anaweza kulala vizuri tu mwanzoni, njaa ya usingizi ikiwa kubwa, kisha akaamka katikati na asijue ni kahawa. Anayesumbuka na ajaribu kuihamishia alasiri kwa wiki mbili aone. Mnazi wa mangweni na pombe nyingine humlaza mtu upesi, kisha huuvuruga usingizi katika nusu ya pili ya usiku.

Muguka, lile jani la kutafuna, ni balaa zaidi. Mwezi wa Mei 2024 Kaunti ya Mombasa, chini ya Gavana Abdulswamad Nassir, ilipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, na suala likaishia mahakamani, marufuku ikasimamishwa. Ubishi ule ulihusu zaidi vijana na mapato ya wakulima wa Embu. Usingizi haukutajwa sana, ingawa kathinoni iliyo ndani ya jani hilo ni kemikali ya kuchangamsha, na anayetafuna jioni anaununua mkesha kwa pesa yake.

Sasa mtu ameamka, ni saa tisa, macho makavu. Afanye nini?

Kwanza asitazame saa. Simu igeuzwe kifudifudi mbali na mto, maana mwanga wake hukandamiza melatonini, homoni inayouambia mwili kuwa ni usiku, na habari zilizomo huamsha akili kuliko mwanga wenyewe. Kujua kwamba ni saa tisa na robo hakumsaidii mtu kitu ila kumwanzishia hesabu: zimebaki saa ngapi, kesho nitafanyaje kazi. Mhemko wa hesabu hiyo ndio unaoufukuza usingizi. Apumue polepole, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta, na asijilazimishe kulala. Kulala hakuitikii amri. Kujinyoosha na kupumzika bila madai kunatosha, na mara nyingi usingizi hupita hapo ukamchukua.

Usipomchukua kwa kadiri ya dakika 20, basi atoke kitandani. Ushauri huu ni wa Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeueleza mwaka 1972, na hadi leo haujapata mpinzani wa maana. Mwili hujifunza kwa mazoea. Anayekaa kitandani kila usiku akihangaika huufunza mwili kuwa kitanda ni mahali pa kuhangaika, mpaka kufikia kwamba anasinzia vizuri kwenye kiti cha matatu na kuzinduka pindi akigusa mto wake. Dawa ni kukiacha kitanda kwa ajili ya usingizi peke yake, na kukirudia pale tu kope zinapokuwa nzito.

Vitabu vya kigeni humwambia mtu huyu aende sebuleni. Katika nyumba ya Kiswahili ya Likoni au Mlaleo, yenye korido katikati na vyumba vya kupanga huku na huku, familia nzima huwa chumba kimoja, na anayefungua mlango wa korido huwaamsha wapangaji wenzake. Ushauri si lazima uachwe, unahitaji kupimwa upya tu. Mkeka uliotandikwa kando ya kitanda unatosha, kwa kuwa muhimu ni kutoka kitandani, si kutoka chumbani. Mama aliyeamka huketi chini, taa imezimwa, mwanga ni ule unaopenya kwenye matundu juu ya dirisha. Beseni la nguo zilizoanuliwa jioni liko mbele yake. Anakunja sare za shule moja moja, anazilainisha kwa kiganja, soksi anaitafutia mwenzake. Ni kazi ya mikono isiyohitaji akili wala mwanga. Mwingine hushika tasbihi na kuleta uradi wake taratibu, mwingine rozari. Vyote hivyo huipa akili kitu kimoja chepesi cha kushika, badala ya madeni.

Watu wa dini wana jambo jingine la kujivunia hapa. Mapema miaka ya 1990, Thomas Wehr, daktari wa Marekani, aliwaweka watu gizani saa 14 kila usiku kwa wiki kadhaa. Usingizi wao ulijigawa vipande viwili, katikati wakawa macho kwa saa moja au zaidi, wametulia. Anayeamka kwa swala ya tahajudi, akalala tena hadi alfajiri, kisha akajinyoosha kidogo mchana kwa qailula, haendi kinyume na umbile lake. Lililo muhimu ni jumla ya saa 24, ambayo kwa mtu mzima inafaa isipungue saa 7. Anayelala tena baada ya adhuhuri na aishie dakika 20 au 30, vinginevyo ataipunguza njaa ya usiku.

Adhana ya alfajiri yenyewe ni msaada ambao wengi hawajautambua. Nguzo kuu ya tiba ya usingizi ni kuamka saa ile ile kila siku, hata baada ya usiku mbaya. Uingereza alfajiri husogea kwa saa nyingi kati ya kiangazi na kipupwe. Mombasa iko karibu nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo alfajiri yake hutofautiana kwa kama nusu saa tu mwaka mzima. Karibu saa kumi na moja, muadhini anamwamsha Mwislamu na jirani yake Mkristo kwa pamoja. Mwenye kuinuka hapo kila siku, Jumapili ikiwemo, saa ya mwili wake hutulia.

Wafanyakazi wa zamu za bandarini, kwenye feri na viwandani hawawezi kuifuata ratiba hiyo. Kwao pazia zito, kitambaa cha kufunika macho na makubaliano na jamaa kwamba saa nne asubuhi ni usiku wao ni mambo ya lazima.

Kuna usingizi unaopotea kwa sababu ya maradhi. Anayekoroma na kukatika pumzi, anayeamka mara tatu kwenda haja ndogo, ambayo huweza kuwa dalili ya kisukari au ya kuvimba kwa tezi dume, anayeamka na homa, na yule anayezinduka kila alfajiri akiwa na huzuni isiyoondoka, wote wanahitaji kupimwa. Hali kadhalika mtu aliyekosa usingizi angalau siku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu. Wengi huanzia duka la dawa na kutoka na Piriton, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta usingizi kama athari ya pembeni na kumwacha mtu mzito asubuhi, au hutafuta Valium, ambayo mwili huizoea na kuidai. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ya mazungumzo na kubadili mazoea, kabla ya vidonge. Hospitali ya Port Reitz, Changamwe, ina huduma ya afya ya akili, na mgonjwa anaweza kuanzia huko. Aende na karatasi ya wiki mbili inayoonyesha alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, alikunywa nini jioni na aliinuka lini, kwa kukadiria tu, iliyojazwa asubuhi na si usiku.