Siku ya Tatu Chini ya Hadubini

Mtoto aliyeletwa kituoni akiwa hoi kwa homa, siku ya tatu baada ya kuanza dawa huwa anakimbia uani. Mzazi aliyeridhia mtoto wake ashiriki katika utafiti wa dawa ya malaria ana haki ya kuuliza kwa nini atobolewe kidole tena, ilhali homa imeshuka na uji anakunywa. Uchangamfu wa mtoto hauwezi kumjibu mzazi huyo. Jibu limo katika tone la damu, na hutafutwa kwa hadubini ya mwanga.

Tangu vipimo vya haraka vilipoenea hadi zahanati za vijijini, wapo wanaodhani kwamba hadubini imekwisha kazi yake katika malaria. Kwa mgonjwa anayetaka kujua chanzo cha homa yake, kipimo cha haraka mara nyingi kinatosha. Hata hivyo, vipimo vinavyotumika zaidi hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na kimelea cha Plasmodium falciparum, na protini hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, mfano wa moshi unaosalia jikoni moto ukishazimwa. Mtafiti anayetaka kujua iwapo dawa imeua vimelea ndani ya saa 72 hawezi kuutegemea moshi. Hana budi kuviona vimelea vyenyewe na kuvihesabu.

Kuviona kulianza mwaka 1880, huko Constantine nchini Algeria, pale daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, alipotazama damu mbichi ya askari mgonjwa, isiyotiwa rangi yoyote, akaona viumbe vyenye nyuzi zinazochezacheza. Rangi ambayo maabara hutumia hadi leo ina jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, aliyeichapisha mwanzoni mwa karne ya 20.

Kazi ya hadubini huharibika au kufanikiwa kabla mtu hajaweka jicho kwenye lenzi. Katika utafiti, damu hutandazwa kwa namna mbili. Utando mwembamba hukaushwa kwa methanoli ili chembe nyekundu zibaki na umbo lake, na hapo spishi ya kimelea hutambulika. Utando mnene hauguswi na methanoli kabisa: maji ya rangi huzipasua chembe nyekundu, vimelea vikabaki wazi, na kwa kuwa damu iliyorundikwa mahali pamoja ni nyingi zaidi, hata vimelea vichache huonekana. Mvuke wa methanoli ukiufikia utando mnene, chembe nyekundu hazipasuki na slaidi hiyo haisomeki. Maji ya kuchanganyia rangi nayo yanatakiwa kuwa na pH ya 7.2. Yakiwa na asidi, rangi hufifia na kiini chekundu cha kimelea hakijitokezi. Makosa haya hayana kelele. Msomaji huandika tu kwamba hakuona kitu.

Chembe nyekundu ya damu ina kipenyo cha takriban mikromita 7, yaani elfu 7 za milimita moja, na kimelea kichanga, chenye umbo la pete, hukaa ndani yake kikiwa kidogo zaidi. Lenzi ya jicho inayokuza mara 10, ikiungana na lenzi ya chini inayokuza mara 100, hutoa ukuzaji wa mara 1,000. Lakini ukuzaji peke yake ni bure ikiwa picha ina ukungu. Mwanga unapotoka kwenye kioo na kuingia hewani hupinda na kupotea; ndiyo maana tone la mafuta huwekwa kati ya slaidi na lenzi, kwa sababu mafuta hayo hupitisha mwanga karibu sawa na kioo. Kikusanya mwanga kilicho chini ya slaidi huinuliwa na tundu lake hufunguliwa. Baada ya kazi mafuta hufutwa kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa kona ya koti. Katika miji ya pwani yenye unyevu, kuvu huota juu ya lenzi za hadubini zilizofungiwa kabatini bila vikausha unyevu, na lenzi iliyoliwa na kuvu ni vigumu kurudi katika hali yake.

Kisha ndipo kuhesabu. Vimelea huhesabiwa sambamba na chembe nyeupe za damu. Msomaji akikuta vimelea 50 kwa kila chembe nyeupe 200, naye akakadiria kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000, basi mikrolita hiyo ina vimelea 2,000. Makadirio hayo ya 8,000 hayawi sahihi kwa kila mtu, lakini huwezesha kulinganisha damu ya mtoto yuleyule leo na keshokutwa. Kusema kwamba slaidi haina vimelea huchukua muda mrefu kuliko kusema inavyo, kwani angalau maeneo 100 ya utando mnene yapaswa kupitiwa. Chembe sahani iliyokaa juu ya chembe nyekundu, au punje ya rangi iliyoganda, humdanganya hata mzoefu. Kwa hiyo kila slaidi ya utafiti husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua jibu la mwenzake, na wakitofautiana mno huitwa wa tatu.

Huko Karagwe, mkoani Kagera, uzito wa hesabu hizo ulidhihirika. Utafiti uliofanyika mwaka 2022, na matokeo yake kuchapishwa 2024, ulikuta zaidi ya asilimia 10 ya watoto bado wana vimelea siku ya tatu, kiwango kinachotia shaka kwamba vimelea vimeanza kustahimili artemisinini. Vipimo vya vinasaba vilithibitisha mabadiliko yaitwayo R561H, ambayo yalikwisha kuonekana nchi jirani ya Rwanda. Dawa mseto iliendelea kuwaponya wagonjwa walio wengi, kwa sababu dawa ya pili iliyomo humalizia kazi. Lakini artemisinini ilikuwa imepunguza kasi, na watoto wenyewe hawakuonyesha dalili ya jambo hilo. Maabara ya vinasaba huweza kutaja badiliko lililomo katika kimelea. Kwamba kimelea hicho kilichelewa kutoweka katika damu, hilo lilisomwa na mtu aliyeinamia hadubini, akipita eneo moja baada ya jingine la tone lililotolewa kwenye kidole cha mtoto aliyekwisha kupona homa.