Achari ya Bibi Haikupanda Ndege

Masharti ya mililita 100 kwa vimiminika vya begi la mkononi yalianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Mimi niliyakumbuka nikiwa nimeshavua viatu kwenye ukaguzi uwanjani, afisa ameinua chupa ya achari ya embe aliyonipa bibi.

“Hii haipiti, dada.”

Nikamwambia ni embe tu. Akacheka, chupa ikaishia pipani. Kinachoangaliwa ni ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani, kwa hiyo hata kuila nusu palepale kusingenisaidia. Ningeitia kwenye begi la chini ingefika salama.

Ndege ikachelewa kwa saa tatu. Hayo sisimulii.

Muscat, nilikokuwa nakwenda, wametutangulia saa moja. Nilifika usiku, miguu imevimba, nikaanza kumwelekeza dereva wa teksi kwa Kiingereza cha kubabaisha. Mzee akanitazama kwenye kioo.

“Unguja au Pemba?”

“Unguja. Shikamoo, babu!”

“Marahaba, mwanangu.” Kumbe mama yake alizaliwa Ng’ambo, Unguja; Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar bado wanakizungumza Kiswahili nyumbani. Njia nzima aliniuliza bei ya pweza.

Tulipofika akashusha begi langu, akalipima kwa mkono.

“Na achari hukuleta?”