Mafuta ya damu na akili ya mzee

Baba mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, hakika umekwisha kuona mzee wa namna hii. Miaka mingi alifanya kazi ya shimo na alijua kila chombo kwa jina lake. Leo anauliza neno moja mara tatu katika saa moja. Anatoka kununua chumvi, anapotea njia katika kambi aliyoishi miaka 30. Majirani wanaanza kunong'ona: «Ni mulozi huyu.»

Usikubali maneno hayo! Huo si ulozi. Ni ugonjwa wa ubongo, na sababu zake nyingine huanza mapema, wakati mtu angali na nguvu zote za kazi. Leo tutasema juu ya moja: mafuta ya damu yanayoitwa kolesteroli.

Kolesteroli ni kitu gani?

Si sumu. Ini lako lenyewe linaitengeneza, kwa sababu mwili unaihitaji. Ubongo ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini ndani yake kuna karibu robo ya kolesteroli yote. Tena ubongo unajitengenezea yake wenyewe.

Hatari iko katika mishipa ya damu. Kolesteroli inayoitwa LDL ikizidi, inashika kwenye kuta za mishipa kama uchafu ndani ya bomba la kiwanda. Ile inayoitwa HDL inasaidia kuirudisha kwa ini. Bomba likiziba katika ubongo, mtu anapooza upande mmoja. Mara nyingine inaziba mishipa midogo midogo, na akili inapungua polepole pasipo mtu kujua.

Mwaka 2024, wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, ambayo mtu anaweza kupigana nayo. LDL nyingi katika umri wa kati ni moja. Mengine ni damu kupanda, sukari, tumbako, pombe nyingi, na hata masikio yasiyosikia vizuri. Basi wewe unayefanya kazi karibu na mashine za kelele, vaa vizibo vya masikio kila siku!

Pima damu yako

Kolesteroli haiumi. Mtu mwembamba anaweza kuwa nayo nyingi kama mtu mnene. Njia ya kuijua ni kupima damu. Ukifika miaka 40, mwombe munganga akupime, pamoja na nguvu ya damu.

Kwa mzee sana, uwe na uangalifu. Kolesteroli yake ikishuka yenyewe, pengine ni alama ya ugonjwa mwingine au ya kutokula vya kutosha. Kwa hiyo usimnyime mzee chakula chake, wala usimkatize dawa pasipo ruhusa ya munganga.

Mama, chungu kiko mikononi mwako

Maharagi, lenga-lenga, sombe na samaki ni chakula kizuri. Mawese hayana kolesteroli, kwa kuwa yanatoka katika mti; lakini karibu nusu yake ni mafuta ya namna inayopandisha LDL. Uyapime kwa kijiko, usiyamwage kutoka chupani. Nyama yenye mafuta mengi, uikate mafuta kabla ya kupika. Na chumvi, kidogo tu.

Shika maneno haya

Ukiona mtu mdomo wake umepinda ghafula, mkono hauinuki, au maneno yake hayasikilikani, mpeleke hospitali saa ile ile. Usingoje asubuhi, usimpeleke kwanza kwa mpiga ramli. Kila dakika inayopita, ubongo unakufa.

Na mzee anayesahau, mpeleke kwa munganga vile vile. Usimcheke, usimfukuze nyumbani. Yeye alikushika mkono ulipokuwa hujui njia. Leo ni zamu yako.