Utunzaji wa Mbwa Anyonyeshaye

Watu wengi wa Kenya, wa shamba na wa mjini, hufuga mbwa ili awe mlinzi wa nyumba, wa kuku na wa mifugo. Walakini ni wachache wanaomkumbuka mbwa huyo wakati anapozaa. Jioni hutupiwa ukoko wa ugali kama siku zote, na baada ya majuma matatu mwenyewe hustaajabu kumwona amebaki mifupa mitupu, watoto wakilia usiku kucha na kufa mmoja mmoja. Husemwa kwamba mbwa huyo hana bahati. Kwa kweli mara nyingi wauaji ni njaa, baridi na minyoo, na hao watatu waweza kuzuiwa hata na mtu asiye na fedha nyingi.

KWA NINI AHITAJI CHAKULA KINGI

Mbwa huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, naye aweza kuzaa watoto sita, wanane au zaidi. Mtoto mwenye afya huongezeka kila siku, na afikapo siku 7 hadi 10 huwa na uzito mara mbili ya ule aliozaliwa nao. Uzito huo wote hutoka katika maziwa ya mama. Mama asipolishwa vema, maziwa hayakatiki mara moja. Mwili wake huyeyusha kwanza mafuta na nyama yake mwenyewe ili kuyatengeneza. Ndiyo sababu hukonda upesi hivyo.

Kipimo chake si kigumu kukumbuka. Ikiwa kabla ya mimba alishiba sahani moja kwa siku, katika juma la kwanza baada ya kuzaa na apewe sahani moja na nusu. Juma la pili, sahani mbili. Juma la tatu na la nne, sahani tatu. Mwenye watoto wengi aweza kuhitaji hata sahani nne. Chakula hicho kisitolewe chote kwa mara moja, kwa maana tumbo lake halikichukui. Kigawanywe mara tatu au nne kwa siku. Maji safi yawe karibu naye mchana na usiku, kwa kuwa sehemu kubwa ya maziwa ni maji, na mbwa mwenye kiu hana cha kunyonyesha.

CHAKULA KIFAACHO

Ugali peke yake hushibisha tumbo lakini haujengi mwili. Yafaa uchanganywe na omena waliochemshwa, maharagwe yaliyoiva sana, mayai yaliyopikwa, au vipande vya nyama na matumbo yaliyochemshwa. Omena wafaa sana, kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao midogo, ambayo ina chokaa ya kujenga mifupa ya watoto. Maziwa mabichi mengi huweza kumharisha. Maziwa lala kidogo humpatana vizuri zaidi. Awezaye kununua chakula cha mbwa cha dukani, na achague kile cha watoto wa mbwa, kwa kuwa kina nguvu zaidi.

Kuna vyakula ambavyo havimfai kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika kama vijiti vyenye ncha na kutoboa utumbo. Vitunguu huharibu damu yake. Mahindi yaliyoota ukungu ni hatari kuu, ingawa wengi hudhani kwamba yasiyofaa kwa watu yafaa kwa mbwa. Sumu ya ukungu huo ndiyo iliyowaua watu 125 katika Ukambani na sehemu za jirani mwaka 2004. Nayo humwua mbwa pia, tena huingia katika maziwa yake.

Matumbo, maini na mapafu yasitolewe mabichi. Ndani yake huweza kuwamo vifuko vya maji vyenye mbegu za tegu mdogo. Mbwa akila vifuko hivyo, tegu hukua tumboni mwake, na mayai yake hutoka katika mavi na kufika mikononi mwa watoto wanaocheza naye. Ndani ya mtu mayai hayo hufanya uvimbe mkubwa katika ini au mapafu. Ugonjwa huo uliwatesa sana watu wa Turkana, hata mwaka 1983 shirika la AMREF likaanzisha kazi ya kupambana nao. Kuyachemsha matumbo vizuri huondoa hatari hiyo.

MAHALI PA KULALA NA USAFI

Watoto wa mbwa huzaliwa vipofu na viziwi, wala hawawezi kujitia joto wenyewe katika majuma mawili ya kwanza. Mtoto aliyepoa hana nguvu za kunyonya, na asiponyonya huzidi kupoa, hata akafa. Kwa hiyo mama atengenezewe mahali pakavu pasipopita upepo: sanduku pana, au kona ya banda iliyotandikwa magunia safi, ambayo yabadilishwe kila yakilowa. Katika sehemu za baridi kama Limuru na Nyandarua, chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa kitambaa husaidia usiku.

Kila mtoto ahakikishwe kuwa amenyonya katika siku ya kwanza. Maziwa hayo ya mwanzo, yaitwayo dang'a, yana kinga ya magonjwa, na baada ya saa 24 matumbo ya watoto hayawezi tena kuipokea vema. Aliye dhaifu awekwe kwenye chuchu mara kwa mara mpaka apate nguvu. Watoto wa nyumbani na wageni wasimsumbue mama, kwa maana hata mbwa mpole huuma akihofia wanawe.

Chuchu zikaguliwe kila siku. Ikiwa moja ni ngumu, ya moto na yenye maumivu, au maziwa yake yamegeuka rangi, huo ni ugonjwa wa kiwele. Kutokwa na uchafu wa rangi nyeusi ya kijani, kisha mwekundu, katika majuma ya kwanza ni desturi. Lakini uchafu wenye harufu mbaya, pamoja na homa na kukataa chakula, ni dalili ya ugonjwa wa tumbo la uzazi. Kwa yote mawili daktari wa mifugo aitwe bila kukawia.

HOMA YA MAZIWA SI KICHAA

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waijua homa ya maziwa, ambayo humwangusha ng'ombe mara tu baada ya kuzaa. Mbwa naye huipata, lakini kwa namna nyingine. Humjia hasa katika juma la pili hadi la nne, wakati watoto wanaponyonya kwa nguvu, na hushika zaidi mbwa wadogo wenye watoto wengi. Chokaa ya damu yake huwa imekwisha kuhamia katika maziwa. Ng'ombe hupoa na kulegea. Mbwa hukakamaa na kupata joto kali. Dalili ya mvua ni mawingu: kwanza hutweta na kuhangaika, huwaacha watoto, hutembea kama mwenye miguu ya mti, kisha hutetemeka na kushikwa na kifafa. Asipotibiwa aweza kufa katika saa chache.

Mbwa wa namna hii huweza kudhaniwa kuwa ana kichaa, akapigwa mpaka afe, na watoto wakafa baada yake. Daktari akifika mapema humdunga dawa ya chokaa polepole katika mshipa, na mara nyingi mbwa huinuka siku ile ile. Wakati akingojewa, watoto waondolewe asiwanyonyeshe. Walakini kichaa cha mbwa kipo Kenya, na mtu asiye daktari hawezi kuamua kwa macho. Mbwa afungiwe ndani, wala mtu asitie mkono kinywani mwake. Akimwuma mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe sindano.

Wengine hudhani yafaa kumpa mbwa dawa ya chokaa wakati wa mimba ili kujikinga. Jambo hilo huleta hatari yenyewe, kwa maana mwili huzoea kupewa, ukasahau kuitoa chokaa katika mifupa wakati inapohitajiwa.

KUACHISHA MAZIWA

Kuanzia juma la tatu au la nne watoto wapewe uji laini uliochanganywa na omena waliosagwa, na kufikia juma la saba au la nane waweza kuachishwa kabisa. Chakula cha mama nacho kipunguzwe kidogo kidogo, ili maziwa yakauke. Dawa ya minyoo itolewe kwa watoto wafikapo majuma mawili, irudiwe kila baada ya majuma mawili mpaka juma la nane, na mama apewe pamoja nao, kwa kuwa minyoo hupita katika maziwa. Wafikapo miezi mitatu wachanjwe kichaa. Mwaka 2014 Kenya iliazimia kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na azimio hilo haliwezi kutimizwa na madaktari peke yao. Huanzia nyumbani, kwa mwenye mbwa ajuaye idadi ya watoto waliozaliwa, aliyewalisha, na atakayewapeleka wote kuchanjwa.