Kufunga Injini Kubwa katika Gari Dogo la Milimani: Mantiki ya Kiufundi na Usalama katika Nyanda za Juu za Kasulu na Kibondo

1.0 Utangulizi

Miji ya Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Kuanzia Novemba hadi Mei, mvua huugeuza udongo mwekundu wa barabara za vijijini kuwa utelezi. Katika mazingira hayo, gari dogo linaloendeshwa kwa magurudumu manne, kama vile Suzuki SJ410 iliyoanza kutengenezwa mwaka 1981, huthaminiwa kwa wepesi wake. Hata hivyo, likipakiwa abiria wanne na magunia ya maharage, hupanda mlima kwa shida. Hapo ndipo mwenye gari humwomba fundi amfungie injini kubwa. Makala haya yanafafanua kuwa ombi hilo lina mantiki, lakini injini ni sehemu moja tu ya mfumo, na hatari kubwa zaidi hujitokeza wakati wa kushuka.

2.0 Kwa nini injini ndogo huchoka

Injini ya SJ410 ina ujazo wa sentimita za ujazo 970 na hutoa takriban nguvu farasi 45. Kiwango hicho hupimwa katika hewa nzito ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 14. Injini isiyo na taibo huvuta hewa pungufu, huchoma mafuta pungufu, na nguvu zake hushuka hadi kukaribia farasi 39. Matairi makubwa huongeza tatizo: tairi lenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 10 hupunguza nguvu ya kusukuma ardhi kwa takriban asilimia 9.

Kutokana na hali hiyo, uchunguzi hutangulia ufungaji. Mgandamizo wa silinda hupimwa, kichujio cha hewa na plagi hukaguliwa, kisha ukubwa wa matairi hulinganishwa na ule uliokusudiwa na kiwanda. Pale ambapo injini ni nzima na matairi ni makubwa, kubadili uwiano wa gia katika difu au transifa kunaweza kurejesha nguvu ya kupanda bila kugusa injini.

3.0 Namna kazi inavyofanyika

Injini inayofikiriwa mara nyingi ni ya sentimita za ujazo 1,590 kutoka Suzuki Escudo, gari lililoingia sokoni mwaka 1988 na ambalo nje ya Japani hujulikana zaidi kama Vitara. Injini hiyo ni ya ukoo mmoja na ile ya sentimita za ujazo 1,300 iliyofungwa katika baadhi ya magari madogo ya Suzuki. Kwa hiyo, gari lenye injini ya 1,300 huipokea kwa urahisi zaidi. Injini ya 970 ni ya ukoo mwingine, hivyo giaboksi nayo huhitaji kubadilishwa au kutengenezewa kiunganishi.

Mambo manne hudai uangalifu. Kwanza, sampo inaweza kugusana na ekseli ya mbele pale springi zinapobonyea. Pili, rejeta ya injini ndogo haitoshi kupoza injini kubwa inayopanda polepole, kwa kuwa upepo wa mwendo ni mdogo. Tatu, injini inayopuliza mafuta kwa nozeli huhitaji pampu ya umeme, kompyuta yake na nyaya zake zote. Nne, klachi, propela na shafti za ekseli hupokea nguvu ambazo hazikuundwa kuzibeba. Sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo itakayokatika.

4.0 Suala la mteremko

Gari lenye uzito wa kilo 1,300 pamoja na mzigo, likishuka kimo cha mita 100, huachilia nishati ya takriban kilojuli 1,275. Joto hilo linatosha kuchemsha karibu lita nne za maji. Likidumisha mwendo uleule, nishati hiyo hugawanywa baina ya breki, injini, hewa na matairi. Injini kubwa husaidia kuzuia gari endapo dereva atashuka kwa gia ndogo. Dereva anayetegemea kanyagio peke yake hatapata msaada huo.

Aidha, injini kubwa hushawishi mwendo mkubwa. Mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 40 hadi 60 kwa saa, nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka mara 2.25. Matoleo ya awali ya SJ410 yalikuwa na breki za ngoma katika magurudumu yote manne, na breki za aina hiyo hupoteza ushikaji zinapopata joto kali. Kwa sababu hiyo, uimarishaji wa breki hupaswa kutangulia ufungaji wa injini.

5.0 Usajili

Kadi ya gari huonyesha namba na ujazo wa injini. Mabadiliko hayo hupaswa kuwasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, ambayo ndiyo msajili wa magari. Gari ambalo injini yake hailingani na kadi huweza kumletea mmiliki usumbufu wakati wa ukaguzi, mauzo au madai ya bima.

6.0 Hitimisho

Imebainika kuwa kufunga injini kubwa ni suluhisho halali pale ambapo uchunguzi, gia, upoozaji na breki vimeshughulikiwa kwanza. Fedha ikitosheleza jambo moja tu, breki ndizo zinazostahili kutangulizwa. Gari linaloshindwa kupanda humchelewesha abiria. Linaloshindwa kusimama kwenye mteremko huhatarisha maisha yake.