Je, Wajua? Unyuzi mmoja wa pamba ni seli moja

Seli nyingi za mimea hazionekani bila darubini. Lakini ukichomoa unyuzi mmoja wa pamba shambani Kishapu au Geita, umeshika seli moja nzima, yenye urefu wa sentimita 2 na nusu hivi!

Huchipuka kwenye ganda la mbegu changa, siku ua linapochanua. Kila mbegu huotesha maelfu. Kwa wiki kama 3 seli hurefuka tu. Katikati hujaa maji, na saitoplazimu, yaani ute hai wa seli, husukumwa pembeni hadi kuwa utando mwembamba uliobana ukutani. Utando huo ndio wenye kazi zote: huunda protini, huvunja sukari kupata nishati, na vijirija vyake vya protini huelekeza nyuzinyuzi za selulosi, yaani kijenzi cha ukuta, zilale upande gani.

Kisha ukuta hunenepa kwa ndani, tabaka juu ya tabaka. Joto la mchana na ubaridi wa usiku huacha alama. Ukikatwa na kutazamwa kwa darubini, unyuzi huonyesha pete kama za mti, ila hizi ni za siku, si za mwaka.

Kitumba kikipasuka, saitoplazimu hukauka. Seli hufa. Mrija uliobaki mtupu hubonyea na kujipinda, na mipindo hiyo ndiyo hufanya nyuzi zishikane kiwandani.

Zaidi ya asilimia 90 ya unyuzi mkavu ni selulosi. Kwa hiyo kinachopimwa kwenye mizani ya chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) ni mbegu, pamoja na kuta za seli zilizokwisha kufa.